Kigari cha Mkwe Wangu na Kilo Zangu

Mgongo wake naujua kuliko mgongo wa mtu yeyote aliye hai. Bega la kulia limeshuka kidogo kwa sababu ya kubeba sanduku la spana, na kisogoni ana kovu dogo kama punje ya mchele. Masikio yamesimama wima, ya mtu anayesikiliza. Uso sasa, uso nimeuona mara nne kwa miaka ishirini na sita, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa bahati mbaya.

Ni mume wa binti yangu Esta. Sisi Wakaguru wa Mamboya, mama mkwe na mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba, hawaitani majina. Akija kwangu anakohoa mara tatu kwenye kona ya banda la mbuzi, mimi naingia ndani, ndipo yeye anakaa barazani. Majina ya watu ninayo mengi. Naweza kukutajia wote tuliobatizwa siku moja, na wakunga walionizalisha, na ng'ombe wa marehemu baba mmoja mmoja. Jina lake pia ninalo, limekaa humo humo pamoja na mengine, lakini halijawahi kupita mdomoni mwangu, na karatasi kwangu ni mdomo tu. Kwa hiyo hapa ataitwa Mkwe. Huko Mikumi wanamwita Fundi, na inatosha.

Najua siku hizi mambo yamelegea. Mkwe wa jirani yangu Mama Shukuru anakaa naye kochi moja, wanaangalia tamthilia, na anamwambia, "Mama, sogea kidogo." Mimi nikiona hivyo natafuta pa kuweka macho. La ajabu ni kwamba Mkwe wangu kwao mwiko huu hawana. Ni mtu wa Kidete, wa kule kwenye reli, ambako watu wamechanganyika na kila mtu ana mila zake na nyingine za kuazima. Angeweza kuja hapa, akanipa mkono, akakaa, akaomba chumvi. Esta alimweleza mara moja tu, akaishika mila yetu mpaka akatupita wenyewe. Siku moja nilikuwa nimeanika khanga yangu kwenye kamba. Mkwe akafika, akaiona, akakohoa mara tatu, akaipa mgongo mpaka ilipoanuliwa.

Mazungumzo yetu yote yamepita kwa Esta, akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Na umuulize, mbona amekonda?"

"Umemwonea wapi, mama?"

"Nimesikia viatu. Anaviburuta."

Viatu vikasogea barazani. Kisha: "Mwambie mama nilikuwa na malaria, lakini nimepona."

Kazi yake ni fundi wa hoteli ya watalii huko Mikumi, ile ambayo tembo huja kunywa maji ya bwawa la wageni la kuogelea. Anatengeneza pampu, jenereta, majokofu, chochote. Na ana neno lake moja. Kwake hakuna kitu kibovu, kuna kitu kilichokataa. Ukimwambia redio imeharibika anakusahihisha. "Imekataa," anasema. "Sasa tuiulize inakataa nini."

Anawaheshimu wakubwa hata wakiwa chuma. Mashine iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa anaipa shikamoo kabla ya kuifungua. Nilisikia kwa masikio yangu siku ile alipoitwa kwenye mashine ya kusaga ya Mama Shukuru, ambayo Mama Shukuru aliirithi kwa mjomba wake. Mkwe aliisalimia, akanyamaza kidogo kana kwamba anangoja marahaba, ndipo akatoa spana. Ikanguruma. Watu walicheka sana, lakini tangu siku ile Mama Shukuru naye anaisalimia kila asubuhi. Anasema huwezi kujua.

Na mtu huyo huyo, nyumbani kwake Mikumi, taa ya sebuleni inawashwa kwa kuchokoa tundu la swichi kwa kijiti cha kiberiti. Esta ameomba swichi mpya kwa miaka minane.

"Inawaka," anamjibu.

"Kwa kijiti!"

"Basi haijakataa."

Mtu mpole mpaka unamhurumia, lakini mweke karibu na redio yenye mpira uone. Mara moja alimfokea refa hapa barazani kwangu mpaka mbuzi wakakimbia. Kisha akakumbuka alipo, na nikasikia sauti ndogo: "Mwambie mama samahani." Nikamwambia Esta amwambie kwamba hata mimi nimeona ile haikuwa penalti. Nilikuwa sijaona kitu, ilikuwa redio. Lakini nilitaka apate mtu wa upande wake.

Sasa nije kwenye kigari.

Mjukuu wangu Neema, binti wa Esta na Mkwe, nilimlea mimi tangu anaachishwa ziwa. Alipochumbiwa akasema harusi itafungwa kanisani kwetu Mamboya, na akasema tena mbele ya watu: "Bibi asipokuwemo ndani ya kanisa, mimi sitoki nyumbani." Neema akisema hivyo anamaanisha. Siku ya kipaimara chake alikaa chini njiani, gauni jeupe na vumbi, mpaka nilipomfikia.

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa sijafika kanisani kwa miaka miwili. Nyonga yangu ya kushoto ilikataa, kama anavyosema Mkwe, baada ya kuanguka kisimani. Pikipiki siwezi kupanua miguu. Gari halipiti, maana kanisa lilijengwa na wamisionari wa zamani, watu waliopenda milima, na mvua imeila njia pande zote mbili, yamebaki makorongo. Kubebwa kwenye kiti nilikataa. Nimewahi kuwa mmoja wa wabebaji, na najua wanaobeba wanasema nini njiani.

Kutoka Mikumi ukaja ujumbe wa simu kwa mdomo wa Esta: "Anasema nikwambie utafika kanisani, mama. Anasema anakuja na kigari."

Ni vile vigari vya gofu, ingawa gofu yenyewe Mikumi sijasikia ikichezwa. Hotelini wanavitumia kuwatoa wageni mapokezini na kuwapeleka kwenye vibanda vyao vya kulala. Hakili mafuta, kinakwenda kwa betri nne zilizo chini ya kiti. Ni chembamba, kinapita hata njia ya mbuzi. Mbele kina viti viwili, na nyuma viti viwili vinavyoangalia nyuma, kwa hiyo anayekaa nyuma anaona alikotoka tu. Esta aliponieleza hapo nikamwambia arudie.

"Migongo inapeana migongo?"

"Ndiyo, mama."

Nikajua kwamba wazungu nao huko kwao lazima wana wakwe.

Hoteli ilikuwa imekichoka kigari hicho. Kitupu kilikimbia kama mwanambuzi, lakini kikibebeshwa watu na kukuta kilima kidogo, kinakata pumzi. Mara ya mwisho kilizimika na wageni watatu waliovaa nguo za kuogelea, tembo akiwa amesimama hatua chache tu. Wageni wakashuka wakasukuma. Tembo akawatazama mpaka wakamaliza. Meneja akasema kiondoke asikione tena, na Mkwe akakiomba.

Kilifika wiki tatu kabla ya harusi, juu ya fuso lililokuwa limebeba mpunga wa Tindiga. Mkwe alikuwa amechukua likizo yake yote ya mwaka, akaja na Esta.

Siku ya kwanza nilipandishwa nyuma na Esta. Mkwe alikuwa ameshakaa mbele, kisogo wima. Tukaondoka taratibu, watu wakapiga vigelegele, na tulipofika kwenye kalavati, pale mlima unapoanza hasa, kigari kikashusha pumzi ndefu kikasimama. Waliokirudisha kwa kukishikilia kisiporomoke ni Joeli, Elisha, Samweli Mdogo, Hamisi wa mkaa na mke wake Zaina, ambaye ndiye aliyekuwa na nguvu.

Mkwe hakukasirika. Aliuliza maswali. Alijaza upepo magurudumu. Alifungua breki aone kama zinashika bila kuambiwa. Alisugua vichwa vya betri kwa maji moto mpaka vikang'aa, akabadilisha waya nene zinazopata moto. Kisha akataka kujaribu na mzigo kabla ya kunisumbua tena, akaweka gunia la mahindi kwenye kiti changu. Kwa sababu gunia lilikuwa linateleza, Esta akalifunga kwa khanga yangu.

Gunia lilipanda mpaka mlangoni mwa kanisa bila shida. Likashuka, likapanda tena. Na safari zote hizo, Mkwe hakuligeukia hata mara moja. Nililiona hilo kutoka dirishani. Alikuwa anampeleka mama mkwe wa mahindi, na bado alishika adabu.

Mzee Yeremia ni jirani yangu wa chini, mzee wa kanisa, na mtani wangu tangu ujana. Akasimama njiani, akavua kofia mbele ya gunia. "Shikamoo, mama mkwe! Umependeza leo, umepungua!"

Kesho yake nikapanda mimi. Kalavati. Pumzi. Kimya.

Mkwe akang'oa paa la kigari kukipunguzia uzito. Gunia likapanda. Nikapanda mimi. Kalavati. Akang'oa kioo cha mbele na kikapu cha mizigo. Gunia likapanda kwa kasi hata kuku wakakimbia. Nikapanda mimi, na sasa kigari hakikufika hata kalavati.

Hapo maneno yakaanza. Yeremia akasema mbele ya watu, "Hicho kigari kina akili kuliko ninyi nyote. Kimekataa mkwe na mama mkwe kupanda chombo kimoja."

"Lakini wamepeana migongo," akasema Mama Shukuru.

"Matako yako kwenye chuma kimoja!"

Mama Shukuru akashauri kuku mweupe. Mchungaji Amosi akasema kuku hapana, maombi ndiyo. Akakiombea kigari, akakiwekea mikono juu ya usukani, kisha akapanda mwenyewe kiti cha nyuma kuthibitisha, na kikampandisha mpaka mlangoni pa kanisa. Watu wakasema amina. Mchungaji Amosi ni mwembamba kama mpini wa jembe.

Mimi nilikaa kitandani nikifikiri. Mahindi yanapanda, mchungaji anapanda, mimi sipandi. Nikamwita Esta.

"Hilo gunia. Alijuaje aweke mahindi kiasi gani?"

Esta akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

"Esta."

"Aliniuliza mama una uzito gani."

"Ukamwambia ngapi?"

"Hamsini."

"Hamsini ya nani?"

"Mama, ningemwambiaje mume wangu kilo zako? Si ni sawa na kumwonyesha nguo zako za ndani?"

Na kwa kweli, nilipofikiri, ni sawa. Hata mimi ningesema hamsini. Nilikuwa nazo hamsini siku naolewa, na hakuna aliyeuliza tena. Jioni Esta akanishika mkono tukaenda kwa Mama Shukuru, kwenye mizani ya chini anayopimia mahindi ya watu. Nikapanda. Mama Shukuru akasoma, akafuta kioo kwa khanga, akasoma tena, akaniuliza kama nina kitu mfukoni. Themanini na saba.

"Nenda kamwambie," nikamwambia Esta.

"Mama, siwezi."

"Harusi ni Jumamosi."

"Mdomo hautafunguka, mama. Niue."

Kwa hiyo siku nne kabla ya harusi nilipanda kigari nikiwa na kilo zangu kifuani kama barua isiyo na mpelekaji. Tukafika kalavati, kigari kikakata pumzi. Lakini safari hii akina Joeli walikuwa shambani, hakuna wa kushikilia, na zile breki Mkwe alizilegeza mno alipokuwa anazishuku. Kikaanza kurudi nyuma.

Fikiria jambo hilo. Kigari kikirudi nyuma, mimi niliyekuwa nyuma nimekuwa mbele. Ninaona njia yote: korongo huku, korongo kule, na chini kabisa nyumba ya Yeremia. Mkwe ameshika usukani na haoni chochote ila kanisa linaloondoka. Ili aone anakokwenda lazima ageuke. Na akigeuka, atanitazama.

Hakugeuka.

Nikapiga kelele. "Kushoto!"

Ndilo neno la kwanza nililomwambia mkwe wangu kwa mdomo wangu tangu amwoe Esta.

"Kushoto kwangu au kwa mama?" akauliza, kisogo wima, sauti ya adabu kabisa.

"Kwangu! Kwangu! Sasa kwako!"

"Kwangu kiasi gani, mama?"

"Basi, basi! Kushoto tena! Kwangu!"

Tukashuka hivyo, ninamwongoza kwa mdomo, tukapita katikati ya makorongo yote mawili, tukavuka njia ya maji, tukaingia shambani kwa Yeremia, na kigari kikasimama katikati ya maboga. Yeremia alikuwa anakunywa uji kizingitini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema neno.

Nikaona sasa mlango umeshavunjika, hakuna haja ya kubisha. Nikiyatazama maboga, nikasema kwa sauti:

"Kilo themanini na saba."

Mkwe akakohoa mara tatu.

Jioni ile ile alikaza breki, akapakia mahindi ya kilo themanini na saba, akaunganisha waya ndefu za mita yake kwenye kila betri, akapanda mlima akisoma. Kisha akaja barazani. "Mwambie mama ni betri ya tatu. Ikipumzika inasoma volti kumi na mbili kama wenzake, huwezi kuijua. Ikibebeshwa mzigo wa kweli inaanguka mpaka saba, na inawaangusha wenzake. Mwambie, mzigo wa hamsini ilikuwa inajikaza tu."

Betri kama ile Kilosa hakuna, na ya kuagiza isingewahi Jumamosi. Lakini kanisa lilikuwa na betri ya sola, ya saizi hiyo hiyo, inayoendesha kipaza sauti. Nikamwita Mchungaji Amosi nyumbani.

"Mama, sasa harusi nzima nitahubirije bila kipaza sauti?"

"Kwa kifupi, mchungaji."

Akanitazama sana. Akatoa betri.

Jumamosi tuliondoka mapema, mimi na Mkwe peke yetu, ili Neema akiwa bado anavalishwa ajulishwe kwamba bibi ameshaingia. Kigari kilipita kalavati bila kushtuka. Sikuamini mpaka nilipoona kalavati linakuwa dogo chini ya miguu yangu, kisha paa langu, kisha bonde lote. Tukasimama mlangoni. Ndani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, hakuna mtu nje. Mkwe akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu huku uso ameugeuzia ukutani.

"Tumefika, mama."

"Mimi naona bonde tu."

"Tumefika. Ngoja niwaite akina mama wakushushe."

"Usiwaite kwanza," nikasema. "Nikuulize. Ulijua?"

"Nini, mama?"

"Kilo."

Akasukuma jiwe kwa mguu. Nikasikia kwaya wakikosea mahali pale pale wanapokosea siku zote.

"Springi zilisema," akajibu. "Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaendelea kubeba hamsini?"

"Esta alisema hamsini. Ningeongeza, ningekuwa nimempima mama mkwe kwa macho."

"Na kama kingekataa mpaka leo?"

"Ningekisukuma."

"Na mimi juu?"

"Na mama juu."

Nikamwambia asiwaite akina mama, watanichelewesha kwa maneno. Akaelewa. Alikwenda kwenye kigari, akatoa waya wa kuchajia, mrefu, mnene, mweusi. Akajizungushia ncha moja mkononi, kisha akaja kwangu kinyumenyume, hatua kwa hatua, ameishika ncha ya pili nyuma ya mgongo. Nikaishika. Akaegemea mbele kama anayevuta ndoo kisimani, nami nikasimama na nyonga yangu na kilo zangu zote. Aliyumba mara moja. Hakuachia.

Tukaingia hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, waya katikati. Kwaya ikanyamaza. Mzee Yeremia, kwenye benchi la mbele, akageuka. "Sasa hapo nani anamchaji mwenzake?"

Kanisani kwetu wanaume hukaa mkono mmoja na wanawake mkono mwingine. Mkwe akaingia benchi lake, akakaa akitazama madhabahu. Mimi nikaingia langu, ng'ambo ya njia, nikakaa nikitazama madhabahu. Waya ulibaki mkononi mwake na mkononi mwangu. Kuachia kwanza kungekuwa kukosa adabu, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza. Watu wakajaa. Habari ikateremshwa mlimani kwamba bibi yumo ndani. Na Neema alipoingia na shela yake, akafika kati yetu, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akainua gauni kwa mikono miwili, akauruka waya, akaenda kuolewa.